Pontianak, penanggalan na wenzao: je, ni majini yetu kwa jina jingine?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Tanga, nasoma uuguzi Kuala Lumpur. Wenzangu Wamalei wa bwenini wamenikataza kuacha nguo kwenye kamba usiku, na wamenikataza kulitaja jina la pontianak baada ya magharibi. Mmoja wao, kwao Kelantan, kaniambia yuko mwanamke anayeruka usiku kichwa na matumbo tu. Nimekulia kwenye hadithi za majini na popobawa, kwa hiyo nilicheka, lakini usingizi haukuja. Hawa ni viumbe gani hasa? Ni majini yaleyale yaliyobadilishwa jina? Na wenyewe wanamwogopa yupi kuliko wote? Naanza mazoezi wodi ya wazazi hivi karibuni, na nimeambiwa huko ndiko yanakotajwa zaidi."

Marahaba mwanangu. Swali lako la katikati ndilo zito, kwa hiyo nalitangulizia jibu: hapana, si majini yetu yaliyobadilishwa jina. Jini tunayemjua sisi ana kabila lake, ana dini yake, ana makao yake baharini au mbuyuni. Kaumbwa kwa moto na hajawahi kuwa mtu. Kinachotisha kwa Wamalei, kwa sehemu kubwa, kilikuwa mtu au kimetengenezwa na mtu. Mama aliyefia uzazini. Mkunga aliyetafuta elimu isiyofaa. Kitoto kilichozaliwa mfu kikafukuliwa. Damu ya aliyeuawa iliyokingwa kwenye chupa. Ukifuatilia hadithi zao mbili tatu utajikuta umefika mlangoni kwa jirani, na hofu yenyewe ndipo ilipo.

Tuanze na huyo uliyekatazwa kumtaja. Pontianak wa leo, yule wa sinema na wa soga za bwenini, ni mwanamke wa nywele ndefu na gauni jeupe, aliyekufa na mimba au akijifungua. Hukaa kwenye migomba. Hutanguliwa na harufu ya kemboja, ule mti wa maua meupe yenye moyo wa manjano ambao kule hupandwa sana makaburini, kisha harufu hugeuka uvundo. Hulia kama kitoto kichanga. Wanasema ukisikia sauti ndogo ujue yuko karibu, ukisikia kubwa yuko mbali. Ukimpigilia msumari kisogoni anatulia na kuwa mke mzuri, na msumari ukichomoka, shauri yako.

Sura hiyo ni ya karne ya 20. Walter William Skeat, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni Selangor, alichapisha mwaka 1900 kitabu kinene cha imani za Wamalei, na humo mambo hayako hivyo. Mama anaitwa langsuir. Pontianak ni mtoto wake aliyezaliwa mfu. Walisimulia kwamba palikuwa na mwanamke mzuri wa kupindukia, na alipoambiwa mwanawe kazaliwa mfu na kageuka pontianak, mshtuko ukamuua palepale. Akapiga makofi, akalia kama farasi, akaruka hadi juu ya mti. Vazi lake ni la kijani. Kucha zake ni ndefu zilizochongoka. Nywele zinamfika miguuni, na hazikuachwa hivyo kwa urembo: zinafunika tundu lililo kisogoni, na kwa tundu hilo hunyonya damu ya watoto. Anapenda samaki pia, na wavuvi walidai kumkuta amekaa juu ya nguzo za mitego yao anangoja fungu lake.

Ukibahatika kumkamata, unamkata kucha na nywele unavisokomeza kwenye tundu lile, naye anakuwa mtu kama watu kwa miaka mingi. Wapo waliosemekana kumuoa na kuzaa naye. Mpaka itokee sherehe kijijini, apewe ruhusa acheze. Akishaanza kucheza, umbo lake la zamani linamrudia, anaruka anapotelea msituni, mume na watoto wanabaki wanatazama. Kwa maoni yangu msumari wa siku hizi umetokana na kile kisokomezo cha zamani. Sinema iliyomfanya pontianak awe nyota ilitoka Singapore mwaka 1957, mhusika mkuu akiwa Maria Menado. Ilipendwa mno hata sehemu ya pili ikatolewa mwaka huohuo, na tangu hapo ule mgawanyo wa mama na mtoto ukaanza kusahaulika. Mama akabaki na jina la mwanawe.

Kuna jambo moja katika maandishi ya Skeat ambalo nataka ulitazame kwa jicho la muuguzi. Mwanamke akifia uzazini, ili asigeuke langsuir, maiti yake ilitiwa shanga za kioo mdomoni, yai la kuku chini ya kila kwapa, na sindano katika viganja. Kila kimoja na kazi yake. Mwenye shanga mdomoni hawezi kupiga ukelele. Mwenye mayai kwapani hawezi kuinua mikono akaipunga kama mbawa. Mwenye sindano viganjani hawezi kufumba na kufumbua vidole ili ajisaidie kuruka. Sasa jiulize ni nani aliyeyatia mayai yale. Waoshaji wa maiti ya mwanamke ni wanawake: mama yake, shangazi, shoga zake, walewale waliokuwa wamemshika mabega usiku kucha wakimwambia asukume. Aliyewatoka kwa damu au kwa kifafa cha mimba, na hawakuwa na la kumfanyia, saa chache baadaye wanamfunga mikono kwa mayai asije akawarudia. Hiyo ndiyo langsuir. Mimi nikisoma habari zake naona huzuni kabla sijaona meno.

Kwa kuwa hutapata pengine pa kulisikia hili: upo mji mkubwa Kalimantan Magharibi, upande wa Indonesia, unaoitwa Pontianak, na ikweta inaupitia kama inavyoipitia Nanyuki. Uliasisiwa tarehe 23 Oktoba 1771 na Syarif Abdurrahman Alkadrie, ambaye baba yake alitoka Hadhramaut, hukohuko walikotoka masharifu wengi wa Lamu na Zanzibar. Wenyeji husimulia kwamba alipofika kwenye makutano ya mito Kapuas na Landak, pontianak walimsumbua usiku, akaamuru mizinga ipigwe mpaka wakakimbia, na pale kombora la mzinga lilipoangukia akajenga. Hadi leo vijana wa mji ule, inapoingia Idi, hulipua mizinga ya magogo kwa kabidi kandokando ya mto, mtikisiko unasikika ng'ambo ya pili.

Huyo wa Kelantan sasa, kichwa na matumbo. Anaitwa penanggalan, naye ni kiumbe wa namna nyingine kabisa kwa sababu hajafa. Mchana ni mwanamke wa kawaida, mara nyingi huambiwa ni mkunga. Usiku kichwa chake hung'oka, kikaruka na utumbo ukining'inia na kumetameta gizani kama vimulimuli, kutafuta damu ya mzazi na mtoto mchanga. Karibu na alfajiri hurudi nyumbani, lakini matumbo yameshavimba kwa damu na hayaingii kifuani, kwa hiyo huyaloweka kwanza kwenye pipa la siki yanywee. Ndiyo maana wanasema ukikutana na mwanamke anayenuka siki bila sababu, angalia shingo yake.

Asili yake katika simulizi alizozikusanya Skeat ni ya ajabu kidogo, karibu ichekeshe. Mwanamke alikuwa ndani ya pipa la siki ya tembo la kugema, kakunja miguu, anafanya ibada fulani ya kujitesa. Mwanaume akaingia akamuuliza unafanya nini humo. Alishtuka, akataka kuinuka haraka, akajipiga teke la kidevu kwa nguvu hata ngozi ya shingo ikachanika pande zote, kichwa kikachomoka na mfuko wa tumbo ukikifuata, kikaruka kikatua juu ya mti.

Kinga yake ni miiba. Na hapa lazima uijue nyumba ya Kimalei ya zamani, la sivyo hutaelewa. Ilijengwa juu ya nguzo, kimo cha mtu kutoka ardhini, na sakafu yake ilikuwa vipande vya mianzi au vya mti wa nibong vilivyopangwa kwa kuachiana nafasi, ili hewa ipite na taka zianguke chini. Mwanamke akijifungua juu ya sakafu ile, damu ilipenya ikadondoka ardhini, chini ya nyumba, gizani, wanakolala kuku na mbwa wa kijiji wanakopita. Penanggalan hakulazimika kubisha hodi. Alilamba kutoka chini. Basi watu walikata jeruju, mmea wa mikokoni wenye majani ya miiba, wakautundika milangoni na madirishani na kuutandaza chini ya uvungu hasa pale damu ilipodondokea. Kiumbe kinachoburuta utumbo wake hakina ujanja mbele ya miiba, kinanasa. Ukishaiona ile sakafu ya mianzi, penanggalan anaacha kuwa kichekesho. Ile ilikuwa shida halisi, yaani damu ya uzazi, wanyama wa usiku na kichanga kinachokufa siku ya saba bila mtu kujua kwa nini, na miiba ile angalau ilizuia mbwa.

Habari zake ni za zamani na si za Wamalei peke yao. Abdullah bin Abdul Kadir, mwandishi wa Melaka mwenye damu ya Yemen na India, katika kumbukumbu za maisha yake zilizochapwa mwaka 1849 anaeleza jinsi alivyomsimulia mmisionari William Milne habari za penanggalan na mizuka mingine, huku mwenyewe akionyesha wazi kwamba haamini. Thailand wanaye krasue, kichwa na matumbo vilevile. Ufilipino wanaye manananggal, ila huyo hukatika kiunoni. Bali wanao leyak. Ni ukoo mmoja ulioenea Asia ya Kusini-Mashariki nzima, na takriban kila unakokwenda windo lake kubwa ni mjamzito na kichanga.

Lakini umeniuliza wenyewe wanamwogopa yupi. Vijana watakutajia pontianak, kwa sababu ya sinema. Wazee ukikaa nao vizuri watashusha sauti wanapofika kwa wale wanaofugwa. Kwangu mimi hao ndio wa kutisha, kwa sababu wana wenyewe, na mwenyewe unamjua.

Mdogo wao ni toyol. Ni kitoto cha mimba iliyoharibika kilichofufuliwa kwa uchawi, kina kipara, macho mekundu, ngozi ya kijani au kijivu. Kinalala kwenye chupa au mtungi, kinanyonya damu ya kidole gumba cha mguu cha bwana wake, na usiku kinatumwa kuiba hela. Wewe wa Tanga hapa huhitaji ufafanuzi mrefu: ni chuma ulete, ila chuma ulete aliyepewa mwili wa mtoto. Na kwa kuwa ni mtoto, anadanganyika. Wenye maduka humwekea gololi, au mchanga, au choroko karibu na kasha la fedha, akaanza kuchezea na kuhesabu hadi kunakucha akasahau alichotumwa. Wengine huweka sindano chini ya noti, wengine kioo. Sijawahi kuona mwizi aliyefikiriwa kwa huruma kiasi hiki. Ila igeuze hadithi uisome upande wa pili: mtu akitajirika haraka kijijini, akajenga, akanunua gari, na watu hawaoni anafanya kazi gani, ndipo toyol anapotajwa.

Polong ni mzito kuliko huyo. Anatengenezwa kwa damu ya mtu aliyeuawa. Damu inatiwa kwenye chupa ya shingo nyembamba, inasomewa maneno kwa siku 7, au 14, mpaka usikie ndani sauti kama ya vifaranga. Hapo mtengenezaji hujikata kidole akakiingiza chupani, polong ananyonya, na tangu siku ile lazima anyonyeshwe hivyo kila siku. Mwenye chupa huitwa mama yake au baba yake. Umbo lake ni kijanamke kidogo kama pingili ya mwisho ya kidole cha mwisho. Anapotumwa kwa adui hatangulii yeye. Hutanguliwa na pelesit, mdudu mfano wa nyenje, ambaye huingia mdomoni kwa mgonjwa mkia mbele, akalia mle ndani, ndipo polong naye aingie. Mgonjwa anaanza kupayuka, kurarua nguo, kuuma watu, kupoteza fahamu.

Sasa sikiliza bomoh, yaani mganga wa Kimalei, anavyotibu, kisha uniambie kama hujawahi kuona kitu hicho kwetu. Anamshika mgonjwa kidole, anambana, na anamuuliza: mama yako nani? Unatoka kijiji gani? Mgonjwa akijibu, hujibu kwa sauti nyembamba isiyo yake, na katika majibu yale linatoka jina la mtu. Jina la mtu aliye hai, anayekaa nyumba ya nne kutoka pale. Nusu ya ugonjwa imehama kutoka kwa mgonjwa na kumwangukia mwanamke fulani ambaye hakuwepo kujitetea. Sisi tuna majini ya kutumwa, tuna mganga anayemhoji aliyepanda kichwani, na tunajua vizuri yale majibu yamefarakanisha koo ngapi. Ndiyo maana nikiulizwa nani anatisha, huwa simtaji mwenye meno. Namtaja polong, kwa sababu ya swali lile moja la bomoh.

Pelesit naye anaweza kufugwa peke yake, na namna ya kumpata sitaisimulia yote. Inahusu kaburi la mtoto, kichuguu na mwezi mpevu, na inatosha. Bajang ana sura ya ngawa, hufungiwa ndani ya pingili ya mwanzi iliyozibwa, huwadhuru watoto, na ndiye hasa anayefanya kina mama waweke chuma karibu na mtoto: msumari, mkasi, au kile chombo cha kukatia popoo.

Hantu raya ndiye mkubwa wa wanaofugwa. Hufanya kazi za bwana wake, humlindia shamba, huweza hata kuvaa sura yake, kiasi kwamba watu wanamwona mzee nyumbani wakati mzee yuko safarini. Malipo yake ni sadaka ya wali wa kunata wa manjano, mayai, kuku wa kubanika. Shida iko mwishoni. Mwenye hantu raya hafi vizuri. Anakuwa ameshakwisha, hali, hanywi, ngozi na mifupa, na roho haitoki, mpaka apatikane wa kumrithi, na urithi huo wenyewe wanauita saka. Asipopatikana, watu hupanda wakafungua sehemu ya paa juu ya kitanda ili roho ipate njia. Kumbuka hilo la saka, nitalirudia.

Waliobaki niwapitie mbiombio. Hantu galah ni mrefu kama mwanzi na miguu yake huidhania mti. Usimtazame juu, na ukivunja kijiti chochote anatoweka. Hantu kopek ni bibi wa matiti makubwa anayewaficha watoto wanaocheza nje baada ya magharibi, nao kina mama wamemtumia vizuri kuliko polisi wowote. Pocong ni maiti ambaye vifundo vya sanda havikufunguliwa kaburini, anatembea kwa kurukaruka au kubingiria; kwa sisi ambao pia hufungua vifundo vya kafani mwanandani, huyo anaeleweka bila mkalimani. Mwaka 2020, wakati wa korona, kijiji cha Kepuh huko Java kiliwavalisha vijana kama pocong wakae barabarani usiku ili watu waogope kutoka, na mwanzoni watu ndio kwanza wakatoka kwenda kuwatazama. Orang bunian hawatishi: ni watu wazuri wasioonekana wanaoishi msituni, na mtu akipotea mlimani bila alama hawakosi kutajwa. Ndiyo sababu Wamalei wengi wakipita porini, hata anayekwenda haja ndogo tu, huomba njia kwanza kwa kuwaita babu na bibi.

Chui milia anastahili neno zaidi. Walimwita babu badala ya kumtaja jina msituni, na waliamini baadhi ya watu, hasa wageni kutoka Kerinci huko Sumatra, hugeuka chui usiku. Ungewajua kwa kukosa kile kijifereji kati ya pua na mdomo. Msituni leo wamebaki chui wasiofika 150 kwa hesabu ya serikali ya Malaysia. Watu wanaogeuka chui nao wamepungua kwenye masimulizi, nadhani kwa sababu hiyohiyo.

Umemtaja popobawa, basi mfahamu na mwenzake, orang minyak. Huyu ni mwanaume mweusi aliyejipaka mafuta mwili mzima asishikike, anayeingilia nyumba za wanawake usiku. Alivuma sana miaka ya 1950, akatengenezewa sinema, kisha Januari 2012 akarudi kwenye magazeti: wakazi wa Kampung Laksamana, Gombak, si mbali na ulipo, walikesha wakizunguka na mapanga wakimsaka. Ukilinganisha na Pemba na Unguja mwaka 1995, wanaume wakilala nje makundi kwa makundi wakikota moto, unaona namna moja ya hofu: haimkai mtu mmoja, inakamata mtaa mzima, inadumu wiki kadhaa, kisha inakwisha bila mtu kukamatwa. Ningekuwa mwangalifu na mambo haya hata bila imani ya mizuka, kwa sababu mgeni yeyote anayepita usiku ule anaweza kupigwa, na kwa sababu nyuma ya uvumi wa namna hii huenda yuko mhalifu wa kweli wa nyama na damu.

Turudi kwenye majini. Nimesema si yaleyale, lakini usibishane na mwenzako wa bwenini akikuambia "hao wote ni jin". Wamalei ni Waislamu, na dini imewapa njia ya kuwaelewa mizuka wa zamani bila kuwakana. Mwalimu wa dini atakuambia maiti harudi, roho ina barzakhi yake, na kinachoonekana kwa sura ya marehemu ni jini linalodanganya. Kwa hiyo langsuir wa kale, ambaye alikuwa binti wa fulani, sasa anaelezwa kama jini lililojifanya binti wa fulani. Chini ya tabaka hilo kuna la Kihindu, na chini zaidi kuna imani za kale za misitu na mito. Wenye mamlaka ya dini hawapendi mchezo na mambo haya: mwaka 2007 Baraza la Fatwa la Taifa lilikataza maonyesho ya mizuka na majini yaliyokuwa yakivuta umati kwenye makumbusho. Na wananchi wenyewe wamegawanyika. Machi 2014, ndege ya MH370 ilipopotea, bomoh mmoja alifika uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur na nazi zake na darubini ya mianzi kuitafuta. Wamalei wengi waliona aibu, wakamcheka na kumkasirikia. Walewale, wakipita kwenye migomba saa sita usiku, wengi wao wataongeza mwendo.

Kuhusu nguo kwenye kamba, sababu wanayoitoa ni kwamba vitokavyo kwa warukao usiku hudondokea nguo, hasa za mtoto, na vikigusa ngozi huleta maradhi. Anua tu nguo zako. Na kutotaja majina usiku kunapaswa kukuingia rahisi, wewe uliyekulia mahali ambapo usiku nyoka huitwa kamba. Jambo la bwenini la kuangalia kwa makini ni lingine: msichana mmoja akianza kupiga mayowe kwamba ameona kitu cheusi, wengine hufuata. Aprili 2016 shule moja huko Kelantan ilibidi ifungwe kwa muda baada ya wanafunzi na hata walimu kadhaa kukumbwa. Hilo nalo halina utaifa. Shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, ilikumbwa na kicheko kisichozuilika Januari 1962 ikafungwa pia. Ikitokea kwenu, watenganisheni wanaolia na wanaotazama, wapeni maji na hewa, na msimwache mtu yeyote aanze kuuliza "nani kamtuma".

Wodini sasa. Utakuta kina mama wakitimiza siku 44 za pantang, kwetu arobaini, wakifungwa tumbo na kukatazwa vyakula vya baridi, na katikati ya hayo utasikia majina yote niliyokutajia. Mzazi akikuambia usiku kuna kitu kimemkalia kifuani hawezi kusogea, kwanza mpime presha na uangalie anavyotokwa damu; jinamizi linaweza kusubiri, damu haisubiri. Akitaka Ayatul Kursiy isomwe, isomwe. Ukipelekwa wodi ya wazee na familia ikakunong'oneza kwamba babu ana saka ndiyo maana haondoki, usicheke na usikubali wala kukataa: mwite muuguzi mkuu, ambaye si ajabu akawa ameshakutana nalo, na wewe endelea kumgeuza mgonjwa na kumlowesha midomo. Na mama akiomba mkasi uwekwe chini ya mto wa mtoto kwa ajili ya bajang, usimnyime wala usiuache hapo. Uweke kwenye droo ya kabati la kitandani, umwonyeshe ulipo. Hakuna simulizi ninayoijua inayosema lazima chuma kiguse mto.